Kliniki Iliyohamia Amborovy

Mwaka ule milangilangi ilichanua mfululizo, hata mvua zilipoanza haikukoma, na Andilana nzima, kisiwani Nosy Be, ikanukia kama chumba cha bibi harusi. Hadjira aliamka na harufu hiyo kooni, akaenda nayo kazini, akarudi nayo jioni, na siku zikampita kama vitu anavyovitazama chini ya maji. Alikuwa daktari wa wanyama, tena hodari, lakini katika kliniki ile ya vioo wanyama walikuwa wachache kuliko viti. Walikuja mbwa wa wazungu waliojenga ufukweni, paka wa hotelini, na mara moja kasuku aliyejinyonyoa manyoya kwa upweke. Ng'ombe na mbuzi wa watu wa kisiwa walipita nje ya kioo, wakienda zao.

Hakuwa mtu wa Nosy Be. Alizaliwa mtaa wa Mahabibo, kule Mahajanga, bara, katika nyumba za Wakomoro zilizobanana nyuma ya soko, na huko ndiko alikojifunza kazi kwa Daktari Athoumani, ambaye Hadjira mpaka leo humwita Fundi, yaani mwalimu. Kliniki ya mzee huyo ilikuwa vyumba viwili na ua. Uani watu walingoja na wanyama wao wakipiga soga. Aliyekuwa na pesa alilipa, asiyekuwa nazo alileta muhogo au nazi, asiyekuwa na kitu aliambiwa, "Nenda, utanikumbuka siku nyingine." Hadjira alifanya kazi pale tangu ujana wake, akiamini kwamba iko siku ua ule utakuwa mikononi mwake.

Kisha magoti ya mzee yakachoka. Kampuni moja ya mji mkuu ilikuwa inanunua kliniki za wanyama pwani nzima, kimyakimya, leo hii kesho ile. Ilimtajia Athoumani bei ambayo Hadjira asingeweza kuikusanya hata angepewa maisha mawili. Mzee akauza. Kibao kikabadilishwa. Bei zikapanda, na kabla watu hawajazizoea zikapanda tena. Halafu kliniki yenyewe ikahamishiwa Amborovy, karibu na uwanja wa ndege, kwenye hoteli na nyumba mpya, na ua wa Mahabibo ukafungwa kufuli. Hadjira alipozidi kuuliza maswali akapelekwa Nosy Be. Waliita hiyo kupandishwa cheo.

Asubuhi moja, mvua ikinyunya, aliingia mwanamke aliyelowa, liwa aliyojipaka ikimchuruzika usoni. Aliitwa Halimati, na alikuwa akiuza maziwa kwenye milango ya nyuma ya hoteli. Alisimama mlangoni asije akachafua sakafu, akasema kwa Kimalagasi na Hayrat, msichana wa mapokezi. Mtamba wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri na ndama hatoki.

Hayrat alibofya, akasoma kilichotokea kwenye kioo cha kompyuta: safari ya daktari, dharura, upasuaji, na malipo ya awali kabla ya yote. Alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma maneno ya mtu mwingine. Halimati alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," alisema. "Basi nimwite mchinjaji, mtamba angali hai, nyama isije ikawa haramu."

Akageuka, akatoka.

Hadjira alikuwa nyuma ya mlango ulioachwa wazi nusu. Aliyasikia maneno yale kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini. Akatoka, mikono ya nguo anaikunja hata kabla hajajua anakwenda wapi.

"Bweni Hadjira," Hayrat alinong'ona, akimwita kwa heshima ya Kikomoro, "dawa haiwezi kutoka bila risiti. Kabati halifunguki."

"Liache kabati. Nipe ile sabuni ya kunawia. Na kamba iliyofungia maboksi."

Mtamba alikuwa amelala chini ya milangilangi, ile miti wanayoipinda iwe mifupi ili wachumaji waifikie, na matawi yalimwinamia kama watu waliokuja kumjulia hali. Maua ya manjano yalikuwa yameanguka kila mahali. Hadjira alijilaza juu ya maua yaliyolowa, akapaka mkono sabuni mpaka begani, akaingiza. Akakuta kwato mbili. Kichwa hakuna. Ndama alikuwa amegeuza shingo, amelaza kichwa ubavuni kama ndege aliyejifunika bawa.

Upasuaji wa nini? Ilitakiwa subira tu. Uchungu ulipokuja aliuacha upite, na mkono wake ukabanwa mpaka ukafa ganzi; ulipolegea alimsukuma ndama nyuma kidogo, akatafuta tena. Mvua ilianza, ikaacha. Harufu ya maua, ya damu na ya udongo zikachanganyika. Kuna wakati hakujua tena mkono wake unaishia wapi na mnyama anaanzia wapi, akaona kama yuko Mahabibo, yu mtoto, amelala kwenye mkeka na watu wazima wanazungumza juu yake. Kidole chake kikateleza ndani ya mdomo mdogo wenye joto. Mdomo ukakinyonya.

Hadjira alicheka peke yake, shavu liko juu ya paja la ng'ombe.

"Yu hai!" alimwambia Halimati. "Shika kamba. Nikikwambia vuta, vuta taratibu, usimkimbize."

Alitia kitanzi kwenye taya, akakinga meno kwa kiganja yasichane kizazi, na kichwa kikazunguka, polepole, kikaelekea njia yake. Majirani wakashika kamba. Watalii wawili waliokuwa wakipita njia ya ufukweni walisimama, mmoja akainua simu. Ndama akatoka mzimamzima kwa mara moja, akatua juu ya maua, mweusi, anang'aa. Hadjira akamchokoa pua kwa jani la nyasi mpaka akapiga chafya. Halimati alikaa chini kwenye tope na kumshukuru Mungu mara nyingi, na mtamba akageuza shingo kutazama nini kimetokea.

Siku zilizofuata Hadjira alingoja kufukuzwa. Badala yake ilikuja simu kutoka kwa meneja wa kanda, Bwana Chaïbou, na sauti yake ilikuwa asali. Video ya mtalii yule ilikuwa imetazamwa na watu wengi mno. "Funga safari, njoo Amborovy," alisema. "Kuna jambo tunataka ulione."

Alivuka hadi bara, akasafiri usiku kucha akisinzia dirishani, na alipofika Mahajanga alihisi bado hajaamka. Kliniki ya Amborovy ilikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya sabuni ya ndimu. Ukutani, juu ya meza ya mapokezi, alikuwepo yeye mwenyewe, mkubwa kuliko mlango, amempakata ndama. Damu ilikuwa imefutwa. Mtandio wake ulikuwa umegeuzwa kuwa wa rangi za kampuni. Chini yake paliandikwa kwa Kifaransa kwamba hapa kila uhai una thamani.

Na chini ya maandishi hayo alisimama Echata, jirani yao wa Mahabibo, kamshika mbuzi kwa kamba. Kiwele cha mbuzi kilikuwa kimevimba, chekundu. Echata alitazama picha, akamtazama Hadjira, akatazama picha tena.

"Ni wewe huyo?"

"Ni mimi."

"Nimeambiwa bei," Echata alisema bila hasira. "Nikasema labda wamekosea. Nikadhani, maadamu uko ukutani…" Alimvuta mbuzi, kwato zikagonga sakafu ya vigae mpaka nje, na mlango wa kioo ukajifunga wenyewe nyuma yao.

Bwana Chaïbou alikuwa ameandaa chai. Alitaka Hadjira awe mkuu wa kliniki zote mbili, hii na ile ya Nosy Be, pamoja na nyumba na gari. Hadjira alimsikiliza kama asikiaye redio ya jirani, kisha akasema anaacha kazi.

Meneja hakukasirika, alisikitika. "Mimi sikuitunga bei, Daktari. Nami naletewa. Lakini unajua mkataba. Miaka miwili huruhusiwi kufungua kliniki wala kutibu mnyama, si Mahajanga, si Nosy Be."

"Najua. Hiyo picha mtaiondoa?"

"Picha ni ya kampuni."

Athoumani alimpokea kizingitini kwake Mahabibo, fimbo mbili mikononi. Walizungumza Kikomoro, kama kawaida yao. Hadjira alikuwa na swali alilolibeba tangu siku ya kibao kipya, na siku hiyo likamtoka.

"Fundi, kwa nini hukuniambia kabla ya kuuza?"

Mzee aliegemeza fimbo ukutani. "Ningekwambia, ungeniomba ningoje. Nami ningengoja, kwa kuwa wewe ni mwanangu. Nikaogopa kungoja, magoti yaliniuma." Akayapapasa. "Pesa zilikwenda kwa madaktari wa magoti. Na magoti ndiyo haya."

Hadjira alitaka kukasirika, hasira haikuja. Alimshika mkono. "Na ua?"

"Ua hawakuununua. Waliukodi tu, na muda wao umekwisha. Ufunguo ninao."

Kesho yake Hadjira alimkuta Echata nje, anamkanda mbuzi kwa chumvi. Alichuchumaa kando yake, mikono kaiweka mapajani isije ikamponyoka. "Mimi siruhusiwi kutibu," alisema. "Lakini hakuna aliyenikataza kusema. Lowesha kitambaa maji ya moto. Hapo. Sasa mkamue, yote, hata akilia. Na baada ya muda mfupi umkamue tena."

Mbuzi alipona, chuchu moja ilikauka moja kwa moja, ile nyingine ikarudi kutoa maziwa. Habari ikatembea sokoni. Kufuli la uani likafunguliwa, na alasiri wakaanza kuja wanawake, wenye mbuzi, wenye kuku, na wale waliokuwa na ng'ombe nje ya mji. Kampuni ilimtuma mtu kupeleleza. Alikuta wanawake wamekaa mkekani wakijifunza kukata kwato, akasimama, akapewa chai, akaondoka.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kufundisha uzazi. Athoumani ndiye aliyepata njia. Alishona gunia liwe kama ndama, akalijaza sufi, akalitia miguu ya mipini ya fagio na kichwa cha matambara, akalisokomeza ndani ya pipa lililolazwa. Wanawake walilala chini mmoja mmoja, wakafumba macho, wakaingiza mkono pipani, huku wenzao wakinyamaza. Alasiri ya kwanza ua ulikuwa kimya kama wote wamelala na wanaota ndoto moja.

"Umeshika nini?" Hadjira aliuliza.

"Mguu," Echata alisema, macho yamefumba.

"Wa mbele au wa nyuma?"

Echata alitafuta, paji la uso likikunjana, kisha likakunjuka.

"Ngoja," alisema. "Usiniambie."