Afya Tatu

Kila Jumamosi saa kumi jioni, dada mtu aliondoa sare za shule alizokuwa akishona kwenye meza ya kukatia, akaweka penseli, kifutio na dadu. Mdogo wake, fundi wa kupulizia magari rangi, alikaa upande wa dirisha. Kinyozi wa mtaani, aliyeuendesha mchezo wao wa kubuni wahusika kwenye karatasi, alikaa karibu na mlango ili amwone mteja akija.

"Unda mtu wako," Kinyozi alisema. "Pointi thelathini. Akili, wepesi, nguvu, afya. Hakuna kushuka chini ya tatu."

Fundi aliunda mchawi, kama kawaida yake. Akili kumi na nane, wepesi sita, nguvu tatu, afya tatu.

"Ongeza hata mbili kwenye afya," dada alisema.

"Mchawi anasimama nyuma ya wenzake, dada. Nani atamfikia huko?"

"Nimechoka kukuambia."

"Basi pumzika."

Alipoandika tarakimu ya mwisho, mchawi alitoka kwenye karatasi, akajikung'uta mabaki ya kifutio, akakohoa, akauliza pa kukaa. Huyo alikuwa wa saba. Wale sita walikuwa kwenye makochi, wakibishana kwa lugha kumi na moja. Waliweza kuwasha taa bila kugusa swichi na kufungua kufuli wakiwa mbali. Kuinua ndoo ya maji, hakuna aliyeweza. Dada ndiye aliyewachotea, akawafulia majoho, akawahamisha kila alipotaka kufagia.

Jirani alichungulia dirishani. "Wenzenu wanasingiziwa kufuga wachawi, nyinyi mnao kweli."

"Chukua wawili," dada alisema.

Jirani akasema kwake hapana nafasi.

Fundi naye alikohoa. Gereji haikuwa na barakoa. Bosi alisema zimeagizwa, na alikuwa akilisema hilo tangu mwaka juzi. Kwa hiyo fundi alijifunga leso puani, na jioni leso ilirudi na rangi ya gari la siku hiyo. Dada aliziloweka leso hizo kwenye beseni na kumgombeza, na yeye alimjibu kwamba bosi si mtu mbaya.

Wiki ya mvua fundi alikohoa makohozi ya kijivu siku tatu. Alhamisi akafariki. Wachawi walikaa msibani kwa adabu, wamejipanga ukutani. Hakuna aliyekuwa ameweza kumsaidia, maana fundi hakuwahi kumchagulia hata mmoja wao uganga wa kuponya. Alisema ni kupoteza nafasi.

Jumatatu baada ya mazishi, dada alikwenda gereji kuchukua nguo za kazi za mdogo wake. Mchawi wa kwanza alimfuata, kwa kuwa alikuwa hapendi kubaki na wale wengine. Fundi mpya, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameshaanza kupulizia boneti ya basi, leso puani.

"Pole sana, dada," bosi alisema. "Marehemu alikuwa mchapakazi."

"Barakoa zimefika?"

"Zimeagizwa."

Mchawi, akiwa bado getini, aliinua kidole. Kabati lililokuwa nyuma ya bosi likafunguka. Ndani mlikuwa na barakoa kumi na mbili, ziko kwenye nailoni, zimeshika vumbi juu.

Bosi aligeuka, akazitazama.

"Hizo ni za siku ya ukaguzi," alisema. "Zikitumika zitachafuka, mkaguzi akija nitamwonyesha nini?"

Akafunga kabati. Mchawi akalifungua. Bosi akalifunga tena, bila hasira, kama mtu anayefunga dirisha linalopigwa na upepo. Ikawa hivyo mara tano.

"Chukua moja," dada alimwambia fundi mpya. "Si liko wazi?"

Fundi mpya aliangalia kabati, akamwangalia bosi.

"Nimeanza leo, dada yangu. Nina wanne wanasoma."

Akaikaza leso yake.

Mara ya sita kidole cha mchawi hakikuinuka. Alikuwa amekaa chini getini, midomo imemkauka. Dada alikunja nguo za marehemu, akazitia kwapani, akainama, akambeba mchawi mgongoni. Hakuwa na uzito wowote.

"Ningeweza mara moja zaidi," mchawi alisema.

"Nyamaza," dada alisema. "Vuta pumzi."

Nyuma yao ufunguo ulizunguka kabatini, na mashine ya rangi ikaanza kunguruma.