Miche Mitatu Ndani ya Mpaka

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2008, nilikuta miche mitatu imepandwa ndani ya shamba langu, na si mimi niliyeipanda.

Ilisimama hatua mbili kutoka mpaka wangu na jirani yangu Karekezi, upande wangu, imenyooka kama askari wa zamu. Ilikuwa ya ule mmea wa majani marefu, membamba, ambao wenyeji wa huku huupanda pale shamba la mtu linapokomea. Juru nzima, sehemu yetu ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, inaujua. Hauliwi wala hauuzwi. Kazi yake ni kukuambia kwamba hapa umefika kwa mwingine.

Nilichuchumaa nikahesabu mistari ya maharage iliyobaki upande wa pili wa miche. Minne. Mtu anayekula shamba la mwenzake huanza hivyo. Hapandi mpaka mzima kwa siku moja. Anachomeka mitatu, anangoja kuona kama una macho. Ukinyamaza, mwakani mitatu imekuwa kumi, na wazee wakiitwa kupima wanakuta mpaka umeshaota mizizi.

Niling'oa yote. Nikaikatakata kwa panga, nikavitia vipande kwenye gunia. Ushahidi.

Karekezi alitoka Kivu Kusini kama mimi, lakini yeye ni wa milimani, mtu wa ng'ombe. Mimi ni wa kando ya ziwa, mtu wa muhogo. Yaliyopita kati ya watu wake na watu wangu sitayaeleza hapa. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na kila asubuhi mkewe, Constance, alituletea kikombe cha maziwa kwa ajili ya mwanangu Junior, ambaye kifua chake kilikuwa dhaifu. Kwa miaka minne nilipokea kikombe hicho, na kwa miaka minne nilikinusa kwanza kabla mtoto hajanywa.

Kabla ya miche kulikuwa na kitabu.

Mwezi wa saba nilipeleka maharage Mbarara, kwenye nyumba za askari, kwa sajini mmoja anayeitwa Byaruhanga. Nilikwenda na binti yangu Eliane, wakati huo ana miaka kumi na moja, kwa kuwa alikuwa na Kiingereza cha shule. Mimi niliacha shule darasa la nne. Kiingereza changu ni cha kusoma namba za magari. Mke wa sajini, Medius, alimtazama mtoto akiyasoma maandishi ya gunia la unga kwa sauti.

"Wewe Kongo, huyu mtoto yako anajua kusoma?"

"Anajua, mama."

Akaingia ndani, akatoka na kitabu kilichochakaa kona. "Kamata hii. Watoto yangu walimaliza zamani. Sasa wao nalilia simu tu."

"Bei gani?" nikauliza.

"Bei ya nini, mzee? Mimi napatia mtoto, wewe unaleta mambo ya soko!"

Alicheka. Mimi sikucheka. Sijawahi kupewa kitu bure na nyumba ya askari, Kongo wala Uganda, kisinirudie baadaye.

Kilikuwa kitabu cha watoto, cha zamani, Eliane alisema mwalimu wao anakijua. Wiki zile tulikuwa tunapukuchua mahindi uani baada ya saa za shule, na yeye alikisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, kisha akatusimulia kwa lugha yetu. Hadithi ya mtoto anayekulia kwenye shamba la familia yake. Baridi inakuja, baridi inaondoka. Ng'ombe anazaa. Ua wa shamba unatengenezwa.

"Na vita inaanza ukurasa gani?" nikamuuliza.

"Hakuna vita, papa."

"Banafukuzwa lini?"

"Habafukuzwe. Banaishi tu pale."

"Basi ni uongo."

Perpétue, mke wangu, alitupa gunzi kwenye kapu. "Ye baba, acha mutoto aseme. Eliane, na huyo mama yao anapika nini?"

"Nyama ya nguruwe, mama. Na maandazi ya asali."

"Basi rudia hapo. Polepole."

Walicheka wote wawili, na Junior akacheka bila kujua wanacheka nini. Nami nilikaa nikifikiria watu wanaoishi tu pale. Ni nani huwaandikia watoto mambo ya namna hiyo, na anataka nini kwao?

Siku chache baadaye nilikifungua kitabu peke yangu. Ndani ya jalada palikuwa na mistari ya kujaza, na Eliane alikuwa amejaza kwa penseli. Jina lake. Jina langu, Baudouin. Juru, Nakivale. Hata namba ya shamba letu. Siku hizo kambini kulikuwa na maneno kwamba kuna majina yanaandikwa, ya watu watakaorudishwa Kongo. Nani aliyaandika, hakuna aliyejua, na kwa hiyo kila mwenye kalamu alikuwa yeye. Sasa mke wa askari anampa mtoto wangu kitabu chenye mahali pa kuandika tunakoishi.

"Rudisha," nikamwambia.

"Mbarara, papa? Nitarudisha aje?"

"Utajua mwenyewe. Nikikiona tena mu hii nyumba, nakichoma, na wewe utanitambua."

Sikukiona tena. Nilidhani nimetiiwa. Eliane alianza kushinda kwa Karekezi, kwa rafiki yake Mariette, binti wa nyumba ile, na hilo nalo nililiweka akilini. Wanamuuliza nini mtoto wangu kule?

Kwa hiyo nilipoikuta miche, mambo yote yalijipanga yenyewe. Hakuna raha inayofanana na ile ya mtu mwenye shaka anapopata ushahidi.

Nehemiya, mwenyekiti wa kijiji chetu, aliita kikao Jumamosi mbele ya kanisa. Nilimwaga vipande vya miche chini, miguuni pa Karekezi. Panga sikulitia kwenye gunia. Nililishika mkononi kikao kizima.

Karekezi aliinama, akaokota kipande kimoja.

"Papa Eliane," akasema, "mimi niko na watoto watano. Nikitaka kuiba shamba, nitaiba hatua mbili?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kiliniwasha.

"Basi nani alipanda?"

Aliinua macho akatazama nyuma yangu, walikosimama wanawake na watoto. Kisha akayarudisha chini.

"Siye mimi."

"Nimeuliza ni nani."

"Na mimi nimejibu."

Mtu asiye na kosa husema, nilifikiri. Mtu asiye na kosa hupiga kelele, huapa. Huyu ananyamaza kwa sababu ana cha kunyamazia. Ndipo nikamwita kwa lile neno ambalo watu wangu huwaita watu wake. Halikuhusu shamba. Nehemiya aliinua mkono kunizuia, lakini neno lilikuwa limeshafika.

Walipima kwa kamba ya mafundo. Shamba langu lilikuwa zima, mpaka ulikuwa pale pale tulipooneshwa siku ya kwanza. Nikasema hata Nehemiya anakunywa maziwa ya Karekezi, kamba yake ipimwe nayo. Kikao kikaisha watu wakiondoka mmoja mmoja, na nilirudi nyumbani nikiwa mtu aliyeonewa.

Kesho yake kikombe hakikuja.

Baada ya wiki tatu Karekezi alihama. Alipata kazi ya kuchunga kwa mzee Rugamba, huko Masha, nje ya kambi, akaiacha mipaka yote. Maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Walipakia vitu kwenye baiskeli mbili, ng'ombe akaongoza njia na Mariette nyuma yake. Constance alipita mlangoni kwetu, akampa Perpétue kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kitenge. Walishikana mikono kwa muda mrefu, kisha akawafuata wenzake.

Perpétue alikiweka mbele yangu juu ya meza.

"Soma," akasema, ingawa anajua nasoma kwa kidole.

Kilikuwa kile kitabu. Kilifunguka chenyewe, kama kitabu kinavyofunguka mahali kilipozoea kufunguliwa. Kulikuwa na picha ya shamba, ua, na ndani ya ua, pembezoni, miti midogo mitatu kwenye mstari. Chini ya kila mti kibao chenye jina la mtoto. Hiyo haikuhitaji Kiingereza. Katika familia ile, kila mtoto aliyezaliwa alipandiwa mti.

Chini ya picha Eliane alikuwa ameandika kwa penseli. Chini ya mti wa kwanza, Eliane. Chini ya wa pili, Junior. Chini ya ule mdogo kabisa, Gradi.

Gradi alikuwa kitinda mimba wetu. Alikufa kwa malaria Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, mwaka 2003, tulipokuwa bado tunangoja kugawiwa kiwanja. Alikuwa na miaka miwili. Kwenye karatasi ya shamba jina lake halipo.

Nilimwita Eliane. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Juu ya nini ulichukua ule muti ya mupaka?"

"Ni ule tu unashikaka bila maji. Kwa kanisa iko mingi."

"Na hatua mbili?"

"Mu kitabu banasema mizizi inataka fasi."

"Karekezi alijua?"

"Papa Mariette alichimba shimo ya tatu. Udongo ilikuwa nguvu, jembe ilinishinda. Aliuliza ni ya nani, nikamwambia."

"Basi juu ya nini hakusema, siku ile, mbele ya batu bote?"

Alinitazama. Hakuwa akilia.

"Ulikuwa umeshika panga, papa."

Mwaka uliofuata niliendesha baiskeli mpaka Masha. Nilimkuta Karekezi akitengeneza zizi la Rugamba. Alinisalimu vizuri. Aliuliza hali ya Eliane kwa jina, akauliza kifua cha Junior, akasikiliza majibu. Nilisema nililokwenda kusema. Aliitikia kwa kichwa, akachukua tena nyundo yake. Constance alipita na chombo kimejaa mpaka shingoni, akaingia nacho ndani. Kwa watu wa ng'ombe, mgeni hufika na kuondoka bila kupewa maziwa pale tu wanapotaka ajue kitu. Nilijua.

Mwaka 2010 shamba la Karekezi lilipewa mtu mwingine. Huyo hakupanda chochote. Alilima tu, jembe kwa jembe, na msimu wa kwanza haujaisha alikuwa ameshaingia upande wangu hatua mbili. Nilisimama barabarani nikamtazama. Ningemshtaki kwa nani? Nehemiya alikuwa bado mwenyekiti, na kamba ilikuwa ile ile.

Leo ni 2015. Eliane anasoma ualimu Mbarara. Kitabu alikichukua siku aliyoondoka. Miche sikuwahi kuipanda upya. Mara mbili nimekata vipande pale kanisani, na mara mbili nimevitupa njiani, kwa sababu sikujua ni nani anipe ruhusa, Eliane au Karekezi.

Hesabu ya yote ni hii. Miche mitatu. Jirani mmoja. Kikombe cha maziwa kila asubuhi, na Junior akikohoa mpaka leo. Mistari minne ya maharage, toka barabara ya baiskeli hadi bondeni, kwa misimu kumi. Na binti ambaye akija likizo hunieleza habari zote za Mbarara, isipokuwa vitabu anavyosoma.