Aliyepona Akakosa pa Kwenda

Siku Kahaso aliyoambiwa kuwa amepona, hakujua ashangilie au alie. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya daktari, mikono ameiweka nyuma kama alivyozoea kuificha, na daktari alimwambia mara mbili kwamba ngozi waliyomkwangua sikioni haikuwa na kitu tena, na kwamba hata mara iliyopita haikuwa nacho, wala mara ya kabla yake. Akampa barua yenye mhuri.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Kahaso aliingia katika kambi ile ya wagonjwa wa ukoma, nje kidogo ya Msambweni, wakati wa Mwingereza, akiwa mke wa mtu, na vidole vyake viwili tu vimekufa ganzi. Alitoka baada ya miaka minane na vidole kumi vilivyojikunja, na nyayo zisizojua tofauti ya mchanga na mwiba. Ugonjwa ulikuwa umekwisha. Alama zake ndizo zilizokuwa hazina mpango wa kuondoka.

Mumewe, Randu, alikuwa amekwisha kuoa mwengine zamani, na Kahaso hakumlaumu. Alirudi kwa nduguye Chome, ndani huko kwenye ukame, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kinango. Chome alimpokea vizuri. Akamwita mwalimu wa shule aje aisome ile barua, kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza, na mwalimu akaisoma polepole, akaifasiri, watu wakasikiliza mpaka mwisho. Wakasema Mungu ni mkubwa. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyempa mkono.

Alijengewa kibanda chake pembeni ya boma, kizuri, kimekandikwa upya. Akapewa mkeka wake, bakuli lake na kata yake ya maji. Mkewe Chome, Mbodze, alikuwa mtu mpole na alikuwa na mtoto mchanga. Alimletea Kahaso chakula kila siku bila kukosa, akakiweka juu ya jiwe mbele ya mlango, akamwamkua kwa adabu, akarudi nyuma hatua mbili tatu kabla ya kugeuka. Siku moja Kahaso alitoka lamboni amekaukwa na koo, akajisahau, akachota maji kwa kata ya nyumba. Kesho yake aliiona ile kata nyuma ya ghala, imepasuliwa vipande.

Chome alimfuata kibandani, akachutama mlangoni.

"Dada, si mimi," alisema.

"Najua si wewe."

"Ana mtoto mdogo, unaelewa."

"Naelewa, Chome. Hata mimi ningekuwa na mtoto mdogo, labda ningeipasua."

Kule lamboni wanawake walimpisha. Kila alipotokea na ndoo yake, walisogea wote upande mmoja, naye akachota wa kwanza hata kama wenzake walikuwa pale tangu alfajiri. Mtu mwengine angeona ni heshima. Kahaso alitamani mtu mmoja tu amwambie apange foleni. Kwa miezi saba alikuwa akiishi na watu waliokuwa wakimtendea mema kwa mbali, na uchovu ulimwingia ambao usingizi haukuutoa. Asubuhi moja alikunja leso zake mbili, akaaga, akarudi pwani.

Pale kambini alimkuta Sefu, dresa aliyekuwa akimfunga vidonda vya miguu miaka yote ile. Sefu alimkaribisha benchi, akamwuliza habari za nyumbani, naye akajibu kuwa ni nzuri.

"Nirudishie kitanda changu," Kahaso alisema.

"Kitanda cha hapa ni cha mgonjwa. Nikikuandika wewe, nitakuwa nimeandika uongo."

"Basi sema kidonda kimerudi."

"Kahaso, umepona."

"Nimepona, lakini huko nje hawaamini. Huku ndani hamnitaki kwa kuwa nimepona, na huko hawanitaki kwa kuwa niliugua. Niambie nikakae wapi."

Sefu alizungusha kipande cha bandeji kidoleni, akakifungua, akakizungusha tena. Hatimaye alisema kuwa ana mama yake mdogo, mjane, anaitwa Mwanaima, anayekaa peke yake upande wa pili wa Msambweni na kushona makuti. Mwanaima alikuwa amepata kazi ya makuti mengi kwa ajili ya hoteli inayojengwa Diani, na mabega yake yalikuwa hayawezi tena.

"Nitakwenda nizungumze naye, sitamficha kitu," Sefu alisema. "Lakini ujue kuwa si mtu wa maneno. Akinyamaza, usidhani amekasirika."

Mwanaima alikuwa mwanamke mrefu, amekonda, macho yake yamezama kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Kahaso alisimama mlangoni mwa ua, akatoa mikono mbele kwa makusudi ili ionekane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwanaima aliitazama ile mikono, kisha akamtazama usoni. "Sefu amekwambia sina maneno?"

"Ameniambia."

"Haya. Banda lile pale. Makuti yanalowekwa kule."

Kazi walianza siku ile ile. Mwanaima alikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona kwa kamba za miyaa, upesi upesi, bila kutazama. Kahaso hakuweza kushona, lakini aliweza kubeba, kuloweka, kupanga, na kukandamiza ufito kwa viganja ili usizunguke. Kabla ya juma kwisha walikuwa wakifanya kazi bila kuelekezana. Jua likizidi walisogea kivulini. Likipungua walirudi uani. Mchana Mwanaima aliingia ndani kusali, akatoka, akaendelea palepale alipoacha.

Chakula ndicho kilichokuwa kigumu. Mwanaima alipakua sima na mchuzi katika sahani mbili, na Kahaso, kabla hajaambiwa, alichukua yake akaenda kuila kwenye mlango wa banda. Mwanaima alikula kwenye mlango wa nyumba. Kati yao palikuwa na ua mzima. Kahaso alijua sababu, au alidhani anaijua, na kila jioni alimaliza haraka, akaosha sahani yake mbali na zile nyingine. Ilikuwa baadaye ndipo alipokuja kujua kuwa Mwanaima naye, siku zote zile, alidhani mgeni wake hapendi kula na watu.

Mwezi wa pili Mwanaima alishikwa na homa. Kahaso aliamka akaona mlango haujafunguliwa na moto haujawashwa. Alibisha hodi, akasikia mguno. Mwanaima alikuwa kitandani anatetemeka, amejifunika leso tatu na mkeka juu yake.

"Nikamwite Sefu?"

"Ni homa tu. Nenda ukapumzike."

Kahaso hakwenda kupumzika. Aliwasha moto, akabandika sufuria ya uji wa mtama, akakoroga. Alipokuwa akikoroga aliwaza kama mgonjwa ataunywa uji uliopikwa na mikono ile. Pengine angekipokea kikombe kwa adabu, akakiweka chini ya kitanda mpaka upoe, ukamwagwe baadaye. Aliwaza hata kuuacha uungue. Ulipoiva, aliipua sufuria, akamimina, akakipeleka kikombe, akakiweka karibu na kitanda, akarudi nyuma hatua mbili tatu. Alijisikia akifanya vile, na akakumbuka nani alikuwa akimfanyia yeye hivyo.

Mwanaima alijiinua kwa kiwiko, akanywa. Alikunywa wote, akakipindua kikombe kuonyesha hakuna kitu. Kisha alinusa.

"Nini kinachoungua?"

"Hakuna kitu."

"Lete mkono."

Kahaso alitazama chini. Alikuwa ameipua sufuria bila kitambaa, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimetoka lengelenge kubwa jeupe, ngozi imeanza kupasuka pembeni. Hakuwa amesikia chochote. Aliuficha mkono nyuma.

"Hauumi, mama. Hii haiumi kamwe."

"Sikukuuliza kama unauma. Nimesema lete."

Mwanaima aliketi, bado akitetemeka, akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili. Akauosha kwa maji ya mtungini, polepole, akipitisha kidole chake kati ya vidole vilivyojikunja, kimoja baada ya kimoja, kama anayesafisha kitu cha thamani. Akapasua ukingo wa leso yake akaufunga. Kahaso hakuhisi maji wala kitambaa. Lakini juu ya kifundo, pale ambapo ugonjwa haukufika, alihisi kidole gumba cha yule mama kimemkandamiza, cha moto kwa homa, naye akaketi sakafuni.

"Unalia nini, na umesema hauumi?"

"Sijui."

"Haya, lia. Mimi nalala."

Homa ilikaa siku nne. Siku ya tano Mwanaima alitoka uani, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akamtazama Kahaso aliyekuwa akipanga makuti.

"Kichwa hicho nani anakusuka?"

Kahaso alijishika kitambaa cha kichwa. "Hakuna. Nakata mwenyewe kwa mkasi zikirefuka. Vidole havishiki nywele."

"Tangu lini?"

Alihesabu. "Tangu kabla ya Uhuru. Kabla sana."

"Njoo ukae hapa."

Kahaso alikaa chini, kati ya magoti ya Mwanaima. Mwanaima alifungua kile kitambaa, akatia mafuta ya nazi kiganjani, akaanza kuchana. Nywele zilikuwa fupi na zimesokotana, na kuzichana kuliuma, na Kahaso aliomba kimya kimya yasiishe yale maumivu. Kambini waliwahi kumgusa madaktari na madresa, lakini wote walikuwa wanatafuta kitu mwilini mwake. Yule mama hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anasuka tu, mistari minne, akivuta pumzi kwa uchovu kila alipoinua mikono, kwa sababu mabega yale yalikuwa bado hayajapona.

Wakiwa hivyo, jirani aliyeitwa Mishi aliingia uani na ndoo. Kila asubuhi alikuja kuchota maji katika kisima cha Mwanaima. Alisimama palepale.

"Mwanaima, hebu njoo kando kidogo."

"Sema hapohapo, mikono yangu ina mafuta."

Mishi alishusha sauti, ingawa hakuishusha vya kutosha. "Huogopi? Kichwa, na mafuta, na huyu..."

Kahaso alitaka kuinuka. Mwanaima alimrudisha chini kwa kumshika begani, akaendelea kusuka mpaka akamaliza ule mstari.

"Mishi," alisema, "mimi nimechoka. Mume wangu amefariki, watoto wawili nimezika, na binti yangu Bibi yuko Vanga kwa mumewe, namwona Idi mpaka Idi. Miaka sita nimekula nikitazama ukuta. Sasa nina mtu. Kisima kile pale, ukitaka maji chota."

Mishi hakuchota. Aliondoka na ndoo yake tupu, na hakuonekana pale kwa zaidi ya miezi miwili. Aliporudi, aliteka maji kama kwamba jana tu alikuwapo, akauliza hali za watu wote wawili, na hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

Siku ile ile ya kusukwa, Mwanaima alipakua chakula katika sinia moja, akaliweka katikati ya ua. Hakusema karibu. Aliketi upande mmoja akangoja. Kahaso alikaa akilitazama lile sinia mpaka mchuzi ukaanza kuganda.

"Nilidhani unapenda kula peke yako," Mwanaima alisema.

"Mimi nilidhani ni wewe."

Mwanaima alitikisa kichwa, akacheka kicheko kifupi kilichoishia katika kikohozi, akamega sima.

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Katika harusi za Msambweni Kahaso aliendelea kukaa ukutani, na wako waliohama mkeka alipoketi yeye. Bibi alipokuja kutoka Vanga kwa Idi alinawa mikono mara tatu kabla ya kula na mara tatu baada ya kula. Chome alikuja mara moja na gunia la mahindi, akalala usiku mmoja, akala sinia moja na dada yake bila kumtazama machoni, akaondoka asubuhi mapema. Lakini Kahaso hakuhama tena. Mvua za masika zilipovuja bandani, Mwanaima alimwambia alete mkeka wake ndani ya nyumba, na mvua zilipokwisha hakuna aliyekumbuka kuurudisha.

Makuti ya hoteli yalimalizika mwezi wa Rajabu. Lori lilikuja kuyachukua mchana, likaondoka limeinama upande, na ua ukabaki mweupe, hauna kitu ila vumbi na nyuzi za miyaa. Wale wanawake wawili waliketi barazani, mikono yao haina kazi. Walikuwa wamechoka kiasi cha kutotaka hata kuwasha moto.

Mwanaima alisema, "Mama yako alikuwa akiitwa nani?"

Kahaso aligeuka. Kambini waliandika jina la mume wake na la baba yake. La mama hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Kanze," alisema.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Kahaso alianza na mbuzi wake, kwa kuwa mama yake alikuwa na mbuzi kumi na mmoja na aliwapa wote majina ya shangazi zake aliowachukia. Mwanaima aliegemea nguzo, akafumba macho, akasikiliza. Kila Kahaso aliponyamaza akidhani mwenzake amelala, Mwanaima alisema, "Enhe, kisha?" Hadithi ikaenda, ikafika kwenye harusi ya Kanze, ikapita, na adhana ya magharibi ikawakuta bado hawajapika.