Ukuta Unaocheua

Jumatatu ya kwanza ya Julai, saa moja na nusu asubuhi, Adriano wa darasa la saba aliwaaga wenzake, akatia vocha kwenye mfuko wa shati, akatoka. Matofali sitini ya baba yake yakachomoka ukutani yakamfuata.

Yalikwenda mstari mmoja, pembeni mwa barabara ya Katandala. Dereva mmoja wa bodaboda alilalamika kwamba hayakutoa ishara yalipokata kona. Zaidi ya hapo hapakuwa na tatizo.

Shule aliyoiacha ilijengwa kwa nguvu za wananchi: kila kaya ilifyatua matofali yake, ikayatia alama ya kidole kabla ya kuyachoma, ikayaleta. Kisha ukaja mpango wa majaribio wa vocha. Fungu ambalo serikali humtengea kila mtoto likaandikwa kwenye karatasi, mzazi akaambiwa aende nalo shule aitakayo, hata ya binafsi. Waliopanga walifikiria karatasi tu. Matofali yalijifikiria yenyewe.

Shule iliyotakiwa na wote ilikuwa ya binafsi, upande wa pili wa mji, yenye basi la njano. Mlinzi aliyapokea matofali getini, akayaandika kwenye daftari la wageni, na penye "sababu ya kuja" akajaza "masomo". Yakatumika kuinua uzio.

Mboje naye alimpeleka binti yake, Rahel. Mboje alikuwa mfugaji, mjane aliyehamia Ufipa kutoka Shinyanga na ng'ombe thelathini, shule ikiwa imeshajengwa. Rahel alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na alikuwa na kigugumizi. Kwenye usaili mwalimu mkuu aliuliza swali, akatazama saa yake, akafunga faili.

"Vocha ni yako, mama," alisema kwa upole. "Kiti ni chetu."

Jibu la Rahel lilitoka wakiwa wameshavuka geti. Lilikuwa sahihi.

"Umelisikia?" Mboje alimwambia mlinzi. "Kawapelekee."

Mlinzi aliliandika daftarini, kwenye safu ya wanaotoka.

Kufikia Agosti darasa la saba la shule ya wananchi lilikuwa na paa, nguzo nne, mlango, na wanafunzi kumi na tisa ambao viti vya watu viliwakataa. Mlango ulibaki kwa sababu fundi aliyeuchonga hakuwa na mtoto. Mwalimu Debora aliendelea kuutumia. Aliyepitia pembeni alirudishwa apige hodi. Upepo wa Ufipa, ambao miezi hiyo hauna adabu, ulipita popote.

Wiki moja kabla ya mtihani wa taifa alikuja ofisa kukagua chumba. Alipitia mlangoni.

"Mtihani unafanyika ndani ya kuta nne," alisema. "Hawa watasubiri mwakani."

Rahel hakuwa na mwakani. Alikuwa na miaka kumi na tano, na mjomba wake wa Kasanga alishasema kwamba asipofanya mtihani safari hii, ataanika dagaa. Nafasi ilikuwepo tayari, na kule hakuna usaili.

Jioni hiyo mzee Oswaldi, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikwenda kwa Mboje. Mwaka uliotangulia alikuwa amemshitaki kwa mtendaji kwa sababu ya mahindi yake yaliyoliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Rahel, ng'ombe wazima?"

"Wazima. Leo wamekula shamba gani?"

"Hawajala kitu. Nimekuja kuwaomba."

"Wale wezi?"

"Niliwaita wezi mimi?"

"Mbele ya mtendaji. Mara mbili."

"Basi ni wezi wenye mbavu pana," alisema Oswaldi. "Nataka kuta nne."

Mboje alicheka mpaka akakaa chini. "Utawaomba msamaha kwanza. Mmoja mmoja."

Akawaomba. Dume jekundu lilimtaka arudie.

Siku ya mtihani ng'ombe walifika saa moja kamili, wakajipanga pande zote, ubavu kwa ubavu, wakaacha nafasi ya mlango. Baada ya nusu saa walikuwa wameshikana, kisu kisingepita. Mwalimu Debora akawapaka chokaa. Kwenye ubavu wa mtamba mmoja likafunguka dirisha, lenye kioo.

Ofisa alizunguka akigonga mbavu, akaandika: "Kuta nne, imara. Zinacheua." Akauliza kama zinajua majibu. Oswaldi akamhakikishia kwamba hazikuvuka darasa la pili.

Rahel akaandika. Karatasi haikutazama saa.

Akawa wa kwanza katika kata, akaenda sekondari. Shule ya basi la njano ilimtumia mpiga picha, na picha yake ikabandikwa getini, upande wa nje, chini yake "Karibuni". Ng'ombe hawakumfuata, kwa kuwa hakuondoka na vocha. Mboje akawa anakuja kuwakamua palepale wakati wa mapumziko.

Januari Mwalimu Debora aliandika barua kuomba matofali. Akajibiwa kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu, shule yake ina kuta nne imara, hivyo fungu la ujenzi limepelekwa kwenye shule yenye uhitaji, upande wa pili wa mji, kumalizia uzio.

Aliisoma barua kwa sauti, akaikunja. Kisha akaligawia miundu darasa la saba jipya, wakaenda kukata majani, kwa sababu ukuta wa kaskazini ulikuwa haujala tangu asubuhi.