Skrini ya Saba

Nasema bila haya: ukuta ule wa skrini niliujenga mimi, Nélida Guaji. Skrini kumi na mbili nilizokusanya kutoka maduka ya intaneti yaliyofungwa hapa mjini Trinidad, Bolivia, kila moja na kompyuta yake iliyochoka. Fundi mmoja wa La Paz alikuwa ameniambia picha za setilaiti za mbuga zetu zote ni nzito mno kwa takataka zile. Nikamwitikia kwa adabu, kisha nikaikata ramani vipande kumi na viwili, kila kompyuta ikabeba chake. Mto Mamoré ulipofurika Februari, mkoa wetu mzima wa Beni ulienea ukutani katika ofisi yetu ya maafa, na ukisogea karibu unaona mpaka mazizi ya ng'ombe.

Alhamisi asubuhi wakubwa walikuja kuamua boti tatu za uokoaji ziende wapi. Walikula kuñapé, vile vimkate vya jibini, wakanywa kahawa, wakanisifu. Kichwa kilinivimba, sikatai. Bosi wangu, Mhandisi Saucedo, alisimama na orodha akikata jina la kila kijiji ambacho ramani ilionyesha ni kikavu.

Nahodha wa boti ya kwanza alikuwa mjomba wangu Ciriaco. Yeye hakusifu kitu. Aliikodolea macho skrini ya saba, akanivuta pembeni.

"Mpwa wangu, maji yameishia hapa wima, sawasawa na fremu. Mto gani unakatika hivi?"

"Fremu ni nene, mjomba. Inaficha kidogo tu."

"Inaficha kidole kimoja. Huku maji ya kuogelea, huku vumbi. Miaka arobaini napita hapo na sijaona hata kichuguu cha kuyazuia."

Nilikasirika, maana alikuwa anaugusa ukuta wangu. Hata hivyo nilienda kuangalia tarehe ya picha. Tarehe zote nilikuwa nimezificha mwenyewe ili ramani ipendeze. Skrini ya saba ilikuwa ya Jumatatu. Kompyuta yake iliganda siku tatu nzima, na mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye vioo.

Nyuma yangu Saucedo alisoma, "San Lucio, pakavu," akashusha kalamu alikate jina hilo. Ningeweza kuiwasha upya kimyakimya wageni wakishaondoka, na aibu isinipate. Lakini boti zingekuwa zimeshaondoka pia.

"Mhandisi, usikate San Lucio," nikasema. "Hiyo ni picha ya Jumatatu. Kosa ni langu, nilificha tarehe."

Mkubwa mmoja akauliza, tena kwa kejeli, sasa waamini skrini ipi. Nilizirudisha tarehe zote mbele yao, moja baada ya nyingine. Kumi na moja zilisema Alhamisi. Kisha nikaiwasha ya saba upya. Maji yakavuka fremu, yakaungana na ya jirani, yakaifunika San Lucio yote. Kilichobaki ni paa la shule. Mjomba hakungoja amri, alishachukua kofia yake.

Saa tisa alasiri redio ililia. Saucedo akaongeza sauti ili ofisi nzima isikie.

"Watu sitini na mmoja, wote wako juu ya paa la shule," alisema mjomba. "Mwambieni mpwa wangu maji yako palepale alipoyaonyesha."

Nililia mbele ya watu wote, na nililia kwa fahari.