Kopo la Ndoano Marehemu

Katika nyumba ile ndoano hazikutupwa. Ziliugua, zikatibiwa, zikafa, na zikishakufa zilikuwa na kopo lao.

Kopo la kahawa lilikuwa la wazima. La maziwa ya unga lilikuwa la wagonjwa, yaani ndoano zilizoanza kushika kutu au kuwa butu, zikisubiri siku ya kunolewa. La tatu, lililobonyea ubavuni, lilikuwa la marehemu: zilizopanuka mdomo kwa kuvutana na samaki, zilizoliwa na kutu kwenye tundu la uzi, zilizovunjika kijino. Hizo zilikaa humo mpaka fundi wa kuchomelea apite kuzichukua, kwa sababu mama mkwe aliamini ndoano ikitupwa jalalani haitulii mpaka ipate mguu wa mtu. Makopo yote matatu yalikaa kwenye rafu ya chumba cha uani, juu ya makoti ya mvua na galoni za petroli. Hayakuwa na maandishi yoyote. Ya nini, na kila mtu nyumbani anajua?

Kila mtu isipokuwa bibi harusi.

Alikuwa fundi cherehani, na tangu aolewe mashine yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni. Kutoka hapo aliwaona mama mkwe na wifi yake wakitoka alfajiri na mishipi yao, wanasukumana na kutaniana kama wasichana wa shule, na aliwaona wakirudi wameloa, bado wanacheka kitu kilichoanzia huko majini. Mume wake, fundi wa majokofu, hakuwa na habari na bahari. Yeye hutapika kabla injini haijawashwa. Lakini bibi harusi alitaka kwenda. Kila alfajiri alijipanga kusema, "Na mimi nije?" na kila alfajiri maneno yalipofika mdomoni yaligeuka yakawa, "Mmechukua maji ya kunywa?"

"Tumechukua, mkwe. Ahsante," mama mkwe hujibu, na mlango unafungwa.

Basi siku moja, wawili hao walipokwenda sokoni kuuza samaki, akaamua mikono iseme badala ya mdomo. Aliingia chumba cha uani. Akafagia, akakunja makoti, akapanga galoni. Kisha akayateremsha makopo, akamwaga kila kilichomo kwenye beseni moja, akaosha ndoano zote kwa maji baridi ya bomba, akazianika juu ya kitambaa, akazifuta moja moja kwa mafuta ya cherehani. Zilizopanuka alizionea huruma. Alichukua koleo akazikunja taratibu zirudi umbo lake, mpaka midomo yote ikalingana kama vifungo vya shati moja. Akazitia zote kwenye chupa kubwa ya kioo, akaiweka katikati ya rafu, akarudi nyuma kidogo kuitazama. Ilimeta. Akajiona amesema sentensi ndefu na nzuri.

Wifi ndiye aliyeingia wa kwanza. Alisimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Mama," aliita. "Mama, njoo. Marehemu wamefufuka."

Mama mkwe akaja akijifuta mikono kwa kanga. Akatazama rafu, akatazama chupa, akatazama makopo matupu yaliyofunikwa kifudifudi. Akachomoa ndoano moja, akainusa.

"Haya ni mafuta ya nini?"

"Ya... ya cherehani, mama."

"Loh. Samaki watadhani tumekuja kuwapima suruali."

Wifi aliangua kicheko mpaka ndoo ikamponyoka. Bibi harusi naye, alipoelezwa kopo lipi lilikuwa la nini, aliona chumba kizima kinayeyuka. Machozi yalimtoka bila kumuuliza. Alijua amekwisha. Kesho watatoka tena kuvua, hawana ndoano wanayoweza kuiamini, na yeye ndiye aliyewafanyia hivyo. Nani atamkaribisha kwenye boti?

"Usilie, mwanangu," mama mkwe alisema, akivuta kigoda. "Chumvi tunayo ya kutosha. Keti hapa. Wewe uliyewafufua, utatusaidia kuwazika tena."

Wakaketi watatu kulizunguka beseni, na sabuni ya unga ya kuondoa mafuta.

Mama mkwe alimwonyesha. Unaigusisha ncha ya ndoano juu ya ukucha wa kidole gumba, unaiburuta bila kukandamiza. Ikishika papo hapo, ni nzima. Ikiteleza, inataka kunolewa. Kutu ya juujuu ukiisugua inatoka, hiyo ni ya kopo la wagonjwa. Lakini kutu iliyochimba vishimo, hasa kwenye tundu au pale chuma kinapojikunja, hiyo usiibembeleze.

"Na kuosha umefanya vizuri," aliongeza. "Maji ya bomba na kukausha, ndiyo dawa yenyewe. Huyu wifi yako namwambia kila siku."

"Mimi naosha!"

"Unazitemea mate."

Kazi ilikwenda vizuri mpaka wakafika kwenye zile zilizokunjwa. Zilikuwa kali, safi, zinapendeza. Wifi alizigeuzageuza.

"Hizi tutazijuaje? Zote zimekaa kama zimetoka dukani."

Bibi harusi alichukua moja, akaizungusha kati ya vidole. "Hii niliikunja mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeijuaje?"

"Hapa kwenye kunjo rangi imepasuka. Na ilikubali haraka. Ile nzuri nilipoijaribu ilikataa."

Mama mkwe aliinyakua, akaitundika kwenye msumari wa mlango, akaivuta kwa kipande cha kamba. Ikafunguka polepole kama mdomo wa mtu anayesikia umbea. Akamtazama mkwe wake, akamsogezea beseni lote upande wake.

Zilipomalizika, bibi harusi alikuwa amezoea. Hakuwa tena anaomba ruhusa. Mkono wake ulikuwa unaruka kutoka kopo hadi kopo. Ndipo mama mkwe akateremsha ukutani ubao wa mishipi iliyokwisha fungwa, ile yenye ndoano, risasi ya kuizamisha na kila kitu, tayari kushushwa majini.

"Ndoano bila uzi ni kipuli tu," alisema. "Haya, kagua."

Bibi harusi alifanya kama anavyofanya kwa uzi wa kushonea: aliupitisha taratibu juu ya mdomo wa chini, maana mdomo unasikia kile ambacho kidole kinapita bila kujua. Mshipi wa kwanza ulikuwa laini. Wa pili pia. Kwenye wa tatu alisimama, akarudi nyuma, akapita tena.

Wifi alimkanyaga mguu. Huo ulikuwa mshipi kipenzi wa mama mkwe, alioufunga mwenyewe, uliomleta chewa mkubwa ambaye mpaka leo majirani wanaulizwa kama wanamkumbuka.

"Mama," bibi harusi alisema, "huu umekwisha."

"Upi? Huu?"

"Umechubuka, juu kidogo ya fundo. Na hapa umejikunja kama nywele. Ndoano yake nzima kabisa, tunaweza kuitumia tena. Ila uzi tuukate tufunge mpya."

Mama mkwe aliuzungusha mshipi kwenye viganja, akakaza meno, akavuta. Haukukatika. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Umeona?"

Bibi harusi aliinamisha kichwa. Wifi akadhani imeishia hapo.

"Nimeona," akasema akiwa bado anatazama sakafu. "Lakini wewe umeuvuta ukiwa mkavu, mama, na hukurukaruka kama samaki."

"Weee!" Wifi alipiga makofi. "Kumbe bibi harusi ana ulimi!"

Mama mkwe alishika kiuno. Macho yake yalikuwa yanacheka lakini mdomo umekataa. "Sawa. Kesho unakuja. Mimi na mshipi wangu huuhuu, wewe na utakaoufunga mwenyewe. Atakayeshindwa ataosha sanduku la chambo mwezi mzima."

"Nije? Kwenye boti?"

"Kwani ulitaka kuvulia dirishani?"

Mume wa bibi harusi aliposikia habari hizo alimtazama kwa masikitiko makubwa. "Chukua ndoo," akamwambia. "Chukua mbili."

Hakuihitaji hata moja. Bahari ilipomrusha juu na kumshusha, alicheka kwa mshangao kama mtu aliyetekenywa. Aliketi mbele, wifi katikati, mama mkwe nyuma karibu na injini. Walipotia nanga, aliuteremsha mshipi wake, akasikia risasi ikigusa chini, na baada ya muda kidogo kitu kikamgonga kidoleni, mara moja, halafu tena.

"Ananigonga!"

"Basi mfungulie!" wifi alipiga kelele. "Vuta!"

Alikuwa changu wa saizi ya kiganja, mwekundu na mwenye hasira. Bibi harusi alimshika kwa mikono yote miwili asijue amweke wapi.

Lakini kule nyuma mama mkwe alikuwa anapandisha samaki juu ya samaki. Kila aliyemtoa alimwonyesha mkwe wake kwanza. "Mwambie bibi harusi," alimwambia samaki, "mwambie uzi wangu umekwisha." Mshipi ukashuka, ukapanda, ukashuka. Bibi harusi alianza kujiona anasugua sanduku la chambo, na ajabu ni kwamba wazo lenyewe halikumuuma hata kidogo.

Kisha mama mkwe akanyamaza. Mgongo wake ulijipinda, miguu ikatafuta pa kukanyaga. Alivuta, akaachia kidogo, akavuta. Maji yakatulia, halafu chini yao wote watatu wakaona kivuli kipana, na kichwa, na mdomo wa kuweza kumeza buli. Wifi aliinama na wavu.

"Polepole, mama, polepole..."

Samaki akatikisa kichwa mara moja tu. Uzi ukalia pwaa! na mama mkwe akaenda chali, akaketi mzima mzima ndani ya beseni la samaki wake mwenyewe.

Bibi harusi alinyoosha mkono akashika ncha ya uzi uliobaki, akaipitisha mdomoni. Alitaka kunyamaza. Alijitahidi kweli.

"Juu kidogo ya fundo," akasema.

"Ala!" Mama mkwe alikuwa bado amekaa kwenye samaki, mkia wa mmoja ukimpigapiga kiunoni. "Hesabu samaki wangu, hesabu na wako, ndipo uongee!"

"Lakini umekatika!"

"Umekatika baada ya kazi!"

"Umekatika katikati ya kazi, mama!" Sauti yake ilipita juu ya maji, ikawafikia wavuvi wa boti ya jirani, wakageuka kutazama. Aliisikia mwenyewe na hakuirudisha.

Wote wawili wakamgeukia wifi, aliyekuwa amelala juu ya ukingo wa boti, hoi kwa kucheka.

"Mahakama..." alijaribu. "Mahakama imeshindwa. Mmoja ana samaki, mmoja ana ukweli. Kesi irudiwe kesho."

"Irudiwe," mama mkwe alisema, akichomoa changu mmoja aliyenasa kwenye kanga yake. "Na nyuzi nitafunga mpya, asinitafutie sababu. Kesho, keshokutwa, mpaka nimshinde kihalali. Umesikia, mkwe?"

"Nimesikia."

Bibi harusi akafungua chambo, akaanza kuvisha ndoano yake. Ila mkono ulikuwa unagonga kitu kila akiuinua.

"Wifi," akasema, "sogeza magoti. Uko kwenye nafasi yangu."