Fundo Upande wa Rejeta

Hendeli ya kuwashia lori ilizunguka laini kama mwiko kwenye uji mwepesi, nikajua leo kuna mtu atafukuzwa.

Injini yenye afya inakujibu. Ukiizungusha kwa mkono, kila silinda inabana hewa na bega lako linasukumwa. Hii ilikaa kimya. Na wiki moja tu nyuma tulikuwa tumeifumua na kuifunga upya, mimi na Eliudi, pale gereji ya Usagara, mwaka hamsini na nne. Lori likaenda Mwera kuchukua mbata, likashindwa na kilima cha kwanza. Likarudi likivutwa kwa mnyororo, mtaa mzima unatazama.

Bwana Mselem, mwenye gereji na mwenye lori, alisimama mlangoni.

"Kazi mmefanya wawili," akasema. "Kosa ni la mmoja. Huyo leo anakusanya nguo zake."

Mimi na Eliudi tulikuwa hatusemezani tangu Mfungo Mosi. Kisa ufunguo wa sanduku la spana. Mshambaa kashuka kutoka Lushoto, nimemfundisha mwenyewe hata spana inageuka upande gani, halafu ufunguo akapewa yeye. Nikamnunia, akaninunia. Kazi tukawa tunapokezana kibubu: Ijumaa nikienda msikitini anaendelea yeye, Jumapili akienda kanisani naendelea mimi.

Ijumaa ile alisaga vali, kila moja kwenye kikalio chake mpaka ikakaa bila kupitisha hata pumzi, akazifunga moja moja kwenye kamba ya mkonge kwa mfuatano wake. Jumapili nikaikuta kamba mezani, ncha moja ina fundo kubwa. Nikazipachika, nikafunga injini. Ringi za pistoni alikuwa amezivisha yeye. Basi kosa lilikuwa moja kati ya mawili. Ringi, aondoke yeye. Vali, niondoke mimi.

"Bwana Mselem," Eliudi akasema, na mimi nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, "mwambie fundi wako amimine oili."

"Na huyo wako mwambie," nikamjibu Mselem, "aibu haina haraka."

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unafungua plagi, unamimina oili kidogo kwenye silinda, unarudisha plagi. Oili inaziba pembeni mwa ringi. Hendeli ikiwa nzito, ringi ndizo mbovu. Ikibaki nyepesi, hewa inatorokea kwenye vali.

Nikamimina. Eliudi akanyoosha mkono ashike hendeli.

"Mwizi ndiye ahesabu kuku?" nikamwuliza Mselem. Akacheka, akanipa mimi.

Nikazungusha. Nyepesi. Uji uleule.

Nikakaza shingo. Nikaguna, nikaisimamisha hendeli katikati ya mzunguko, nikailalia kwa kifua mpaka jasho la kweli likanitoka.

"Nzito," nikasema. "Ringi."

Mselem hakugusa kitu. Alimwonyesha Eliudi njia kwa kidevu.

Eliudi muda wote alikuwa anakitazama kiwiko changu. Akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Mselem, akaokota ile kamba ya mkonge chini ya meza, akanitupia shingoni kama anavyofungwa mbuzi. Miezi mitano, ndiyo mara ya kwanza ananisemesha.

"Lile fundo kubwa ni upande wa rejeta. Ungeuliza, ningekwambia."

Nikaishika kamba. Mimi fundo nilikuwa nimeliweka upande wa dereva, mwisho wa injini. Vali kubwa na ndogo zinafuatana vilevile ukianzia huku au kule, kwa hiyo zote ziliingia bila kugoma, vali nane, kila moja imekalia kiti cha mwenzake.

Mselem alikuwa hajaondoka. Neno moja lingetosha.

"Wahi bwana," nikamwambia Eliudi, "basi la Korogwe halingoji watu."

Kesho yake nikafungua injini peke yangu, nikazihamisha vali moja moja, nikihesabu kuanzia fundo. Ringi sikuzigusa. Lori likapanda kilima cha Mwera na mzigo wote, na likaendelea kupanda miaka tisa, na ringi zilezile za Eliudi. Ufunguo nikapewa mimi. Watu wakaniita fundi.

Asubuhi ile ya safari ya kwanza, kabla lori halijatoka, nilishika hendeli kujaribu. Ikanirudisha nyuma hatua nzima, bega likauma.

Nzito. Nikatazama mlangoni nimwambie mtu, hapakuwa na mtu.